Kura kabla ya kura

Jumamosi iliyopita mkutano mkuu wa chama chetu cha kuweka na kukopa ulichelewa kwisha kwa sababu ya swali ambalo halikuwa hata kwenye ajenda. Tulikuwa tumefika namba sita, kupandisha kiwango cha hisa kwa kila mwanachama. Mwenyekiti alishasimama, miwani mkononi, akasema, "Wanaoafiki wanyooshe mikono." Kijana mmoja, mwalimu wa sekondari aliyejiunga mwaka juzi tu, akainuka kule nyuma. "Ndugu mwenyekiti, kabla hatujapiga kura, naomba kwanza tuamue tunaipigaje."

Ukumbi mzima ukaguna. Ilikuwa inakaribia saa nane mchana, wali ulishaiva nje, na wazee wengine wana safari ya kurudi vijijini. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Mwalimu, hapa si darasani." Mimi ndiye katibu, kazi yangu ni kuandika kila kinachosemwa, lakini pale kalamu ilisimama. Mara ya mwisho kuwasikia watu wazima wakivutana hivyo juu ya jambo hilohilo ilikuwa Machi 2014, na sauti zilitoka kwenye redio ya baba yangu.

Mnaokumbuka mnakumbuka. Bunge Maalumu la Katiba lilianza Dodoma tarehe 18 Februari 2014. Wajumbe walikuwa zaidi ya 600: wabunge wote wa Jamhuri ya Muungano, wawakilishi wote wa Zanzibar, na wengine 201 walioteuliwa na Rais kutoka makundi ya wakulima, wafugaji, wavuvi, vyama vya wafanyakazi, dini, vyuo, watu wenye ulemavu na kadhalika. Kazi yao ilikuwa kuijadili rasimu ya pili ya katiba mpya iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba, ile iliyopendekeza serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Sisi huku Muheza tulidhani tutasikia habari za Muungano kuanzia siku ya kwanza. Badala yake tukasikia habari za posho, kwa sababu wapo walioona 300,000 kwa siku haiwatoshi, halafu tukasikia habari za kanuni. Wiki zikaenda.

Watu walichukia. Pale sokoni walisema wajumbe wanakula hela ya bure, wanabishana juu ya kunyoosha mikono wakati katiba inawasubiri. Nami niliwahi kusema hivyo. Siku hizi sisemi tena, maana katika mabishano yote ya mwaka ule, naona lile la kanuni ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote, na ndilo tulilolisikiliza kwa nusu sikio.

Ugomvi wenyewe ulikuwa kwenye Kanuni ya 37 na ya 38, zilizohusu namna ya kupiga kura. Iwe ya siri au ya wazi? Msimamo wa CCM, chama tawala, ulikuwa kura ya wazi. Vyama vya upinzani, pamoja na wajumbe wengi wa lile kundi la 201, walitaka kura ya siri. Kamati iliyoongozwa na Profesa Costa Mahalu ilimsaidia mwenyekiti wa muda, Pandu Ameir Kificho, kuziandaa kanuni, na Bunge likazipitisha zote isipokuwa hizo mbili. Ziliwekwa kando. Wakaenda kumchagua mwenyekiti wa kudumu huku hawajui bado katiba yenyewe wataipigiaje kura.

Na huyo mwenyekiti alichaguliwa kwa karatasi. Tarehe 12 Machi Samuel Sitta alipata kura 487 dhidi ya 69 za Hashim Rungwe, na kesho yake akachaguliwa makamu wake, Samia Suluhu Hassan. Hakuna aliyesema kwamba kura ya siri ni ya waoga siku ile. Hata katika Bunge letu la kawaida njia zote mbili zipo. Spika anachaguliwa kwa siri. Bajeti inapitishwa kwa kuita majina, mmoja mmoja, ndiyo au hapana, na kila mwezi Juni tunawasikia. Miswada mingi inakwenda kwa sauti tu: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, na anayekalia kiti ndiye anayesema walioshinda ni akina nani. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai kwamba njia moja ndiyo desturi yetu na nyingine imetoka ng'ambo.

Nilikuwa naenda kwa baba kila jioni baada ya kazi. Alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge maisha yake yote, na kadi yake ya TANU, chama kilichopigania uhuru, aliipata kabla ya uhuru wenyewe. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua, kwa hiyo redio ndiyo ilikuwa gazeti lake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Kaa hapo usikie. Watu wazima wanaogopa kunyoosha mikono yao."

Kwa baba jambo hili halikuwa na mjadala. Alisema mjumbe amekwenda Dodoma kwa niaba ya watu, na kama atapigia kura kwenye giza, hao watu watajuaje alichokifanya? Alinikumbusha Tabora, Januari 1958, TANU ilipobishana kama iingie kwenye uchaguzi ule wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wazee walitofautiana vibaya, Nyerere akawashawishi wakubali, na Zuberi Mtemvu akatoka kwenda kuanzisha chama chake. "Lakini kila mtu alijulikana yuko wapi," alisema baba. "Mtemvu hakujificha."

Nikamwambia, "Lakini baba, anayemtazama mbunge akinyoosha mkono si wewe peke yako. Chama chake nacho kinamtazama."

"Na kimtazame. Chama ndicho kilichompeleka."

Nilinyamaza, kwa sababu ni baba na kwa sababu kwa upande mmoja alikuwa sahihi. Mbunge wetu akipandisha kodi nataka nijue. Akisema hapana kwenye jambo la haki nataka nijue pia. Wananchi wanaosema kura ya siri ni njia ya kumficha mla rushwa hawazungumzi upuuzi. Karatasi iliyokunjwa inaweza kumficha mtu aliyenunuliwa kama inavyomficha mtu aliyetishwa.

Lakini Ibara ya 71 ya Katiba yetu inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kinakwenda. Hatuna mgombea binafsi. Kwa hiyo chama kinapomwona mbunge wake akinyoosha mkono upande usiotakiwa, kina uwezo wa kumnyang'anya ubunge bila kuwauliza waliomchagua. Na hapa sisemi CCM tu. Kwa upande wa upinzani, NCCR-Mageuzi walimvua uanachama mbunge wao David Kafulila mwishoni mwa 2011, CUF wakamvua Hamad Rashid Mohamed mwanzoni mwa 2012, na wote wawili viti vyao vilibaki kwa sababu walikimbilia mahakamani. Kila chama kinapenda kura ya siri kikiwa kidogo na kinapenda mikono kikiwa kikubwa. Wajumbe wa 2014 waliokuwa wabunge, wa chama chochote, walikaa ndani ya ukumbi ule wakijua jambo hilo. Mvuvi aliyeteuliwa hakuwa na kiti cha kupoteza, ila naye alijua jina lake lilitoka kwa nani.

Mimi najua mkono unavyoweza kupanda wenyewe. Miaka kadhaa kabla ya hapo, chama chetu kilikuwa na kiwanja karibu na stendi, kilichonunuliwa kwa michango ya wanachama wa mwanzo, wengi wao akina mama waliouza machungwa. Mwenyekiti wa wakati huo akaleta hoja kiuzwe. Bei ilikuwa ndogo na mnunuzi alijulikana kuwa ni mtu wake. Nilikuwa nimeliona jambo hilo kwenye makaratasi, kwa sababu makaratasi yalipita kwangu, na nilikuja mkutanoni nikiwa nimeamua kukataa. Halafu akasema tunyooshe mikono. Yeye ndiye aliyekuwa mdhamini wa mkopo wangu wa ada za watoto. Alinitazama, si kwa vitisho, alinitazama tu kama mtu anavyomtazama katibu wake. Nikanyoosha. Bi mkubwa mmoja, mama wa machungwa, alikuwa ameketi safu ya pili na mkono wake ulikuwa chini; aliniona. Hakuwahi kunisema mpaka alipofariki. Leo pale pana jengo la ghorofa moja lenye maduka, nami nikipita huwa natazama upande wa pili wa barabara.

Nilimsimulia baba habari hiyo usiku mmoja wa Machi. Alikaa kimya, halafu akasema, "Ulikosea wewe, mama. Kunyoosha mikono hakukukosea." Sijamaliza kulijibu neno hilo hadi leo.

Mwisho wa Machi Bunge Maalumu likapata suluhu. Kanuni zikabadilishwa ili njia zote mbili zitumike: anayetaka kupiga ya wazi apige ya wazi, anayetaka ya siri apige ya siri. Redioni ilisikika kama busara, kila mtu apate chake. Hata mimi nilishusha pumzi.

Naomba mkae na suluhu hiyo kidogo, kwa maana nimekaa nayo miaka mingi. Piga picha ukumbi wa watu mia kadhaa. Majina yanaitwa. Wa kwanza anasimama anasema ndiyo kwa ibara zote. Wa pili ndiyo. Wa tatu, wa kumi, wa hamsini, ndiyo. Kisha linaitwa jina la mtu anayesema, "Mimi nitapiga ya siri." Hajafungua mdomo kusema lolote kuhusu Muungano wala ardhi wala madaraka ya Rais, na tayari kila mtu ukumbini amemsoma. Mnadhimu wa chama chake amemsoma. Yule ambaye angekubali kila kitu hana sababu ya kuomba karatasi. Kura ya siri inamlinda mtu pale tu wote wanapoipiga, yaani anayekubali na anayekataa wanapotumbukiza karatasi zinazofanana kwenye sanduku moja. Ukiifanya ya hiari, umemwomba mwenye hofu ajitenge na wenzake kwa hiari yake, mbele ya macho ya watu.

Kwa hiyo waliotaka kura ya wazi waliipata, na waliotaka ya siri walipewa jina lake. Sisemi aliyebuni alikuwa na nia mbaya. Pengine alichoka tu, kama tulivyochoka sote.

Yaliyofuata mnayajua. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa CHADEMA, CUF na NCCR-Mageuzi, walitoka nje ya ukumbi na hawakurudi. Agosti Bunge likaendelea bila wao. Serikali tatu zikarudi kuwa mbili. Septemba, siku chache kabla ya kura za mwisho, kanuni zikaguswa tena ili wajumbe waliokuwa nje ya nchi, wakiwemo waliokwenda Hija, waweze kupiga kura wakiwa huko huko. Sheria ilitaka theluthi mbili za wajumbe wa Tanzania Bara na theluthi mbili za wajumbe wa Zanzibar, kila upande peke yake, na kwa upande wa Zanzibar, baada ya CUF kuondoka, kila mtu mmoja alihesabika.

Kura zilipigwa mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba. Nilikuwa kwa baba siku habari ya Othman Masoud Othman ilipotangazwa. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, mtu wa serikali kabisa, na alishajitoa kwenye kamati ya uandishi kabla ya hapo. Lilipoitwa jina lake alichagua kura ya wazi, na kwa wazi huo akazikataa ibara kadhaa ambazo kwa maoni yake hazikuitendea Zanzibar haki. Baba alipiga goti lake kwa kiganja. "Umemsikia? Umemsikia huyo? Kwa kura yako ya siri tusingemjua!"

Na ni kweli, tusingemjua. Nilimpa baba haki yake siku ile na bado nampa.

Oktoba hiyohiyo Othman Masoud akaondolewa kwenye nafasi yake ya Mwanasheria Mkuu. Taarifa hiyo nayo tuliisikia pamoja. Baba akanyoosha mkono akazima redio, jambo ambalo hakuwa akilifanya kabla ya habari za michezo. Tulikula kimya. Nilipokuwa nakusanya vyombo akaniuliza, "Wangapi wengine walitaka kusema kama yeye?" Nikamwambia sijui, baba. Akasema, "Hapo ndipo penye tatizo. Hatutajua." Halafu akaomba maji ya kunawa.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2021, mtu huyo aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar baada ya kufariki Maalim Seif Sharif Hamad aliyekuwa na nafasi hiyo. Baba hakuiona siku hiyo, alituacha 2019. Katiba Inayopendekezwa ilikabidhiwa kwa Rais Kikwete na Rais Shein wa Zanzibar tarehe 8 Oktoba 2014, kura ya maoni ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa sababu daftari la wapiga kura halikuwa tayari, na tunaendelea na Katiba ya 1977. Kila mchakato mpya unapotajwa nasikia watu wakizungumzia serikali ngapi, tume huru, mgombea binafsi. Ni mambo makubwa na ninayataka yote. Ila mimi ninasubiri kusikia mtu akisema, siku ya kwanza kabisa, kabla posho haijatajwa: tutapigaje kura? Na iwe njia moja kwa wote. Kama ni ya wazi, basi aliyepiga alindwe, asivuliwe kiti wala kazi kwa ajili ya kura ile. Kama ni ya siri, iwe ya siri kwa Waziri Mkuu na kwa mvuvi.

Nirudi ukumbini kwetu. Yule mwalimu hakuketi. Alisema wanachama wengi wana mikopo, wadhamini wao wamo humu humu, na viongozi wamekaa mbele wakiwatazama, kwa hiyo anaomba kura ya hisa ipigwe kwa karatasi. Mwenyekiti, ambaye si yule wa kiwanja na ambaye kwa kweli ni mtu mwema, akasema sawa, hiyo ni hoja, tuiamue. "Wanaotaka karatasi wanyooshe mikono."

Nilisikia mtu akicheka kidogo. Mwalimu hakucheka. Mikono ikaanza kupanda, michache, kule nyuma kwanza, ambako hawaonekani vizuri kutoka meza kuu. Mimi nami ni mwanachama, nina haki ya kura kama wengine, lakini kwa miaka yote hiyo huwa nahesabu tu. Safari hii niliiweka kalamu mezani nikanyoosha mkono, nikiwa nimekaa ubavuni mwa mwenyekiti. Aligeuka akanitazama.

Tulikuwa 29. Waliokataa walikuwa 38. Hoja ya mwalimu ikaanguka, hisa zikapandishwa kwa mikono, na watu wakatoka kwenda kula.

Jioni mwenyekiti alinipigia simu. Baada ya salamu akasema, "Mama katibu, ile habari ya mwalimu, nadhani kwenye muhtasari tuiache. Haikuwa kwenye ajenda." Nilimwambia kwa heshima kwamba iliamuliwa kwa kura, na kilichoamuliwa kwa kura kinaandikwa. Alikaa kimya kidogo kisha akasema, "Haya mama, andika."

Nimeandika aya nzima: jina la mtoa hoja, sababu zake tatu, waliounga mkono 29, waliopinga 38. Muhtasari utasomwa mwakani, wanachama watauthibitisha, na mwalimu ameshaniuliza ni siku ngapi kabla ya mkutano mtu anatakiwa kuleta ajenda kwa maandishi. Ni siku 21.